Triga ya Kilo Moja na Robo

Bastola huchaguliwa kwa kidole. Macho yatapenda rangi, kiganja kitapenda mpini uliojaa vizuri, lakini kazi yenyewe hufanywa na kidole cha shahada, na kidole hakijali kitu kingine isipokuwa triga. Hili nililijua nikiwa na miaka arobaini na sita, dereva wa foklifti katika ghala moja la Seven Hills, huku ughaibuni. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshika silaha kwa majuma machache tu, kwenye mafunzo ya mgambo nyumbani Morogoro, na huko hapakuwa na suala la kuchagua. Ulipewa bunduki iliyofika mbele yako, ukashukuru kama ilikuwa na mkanda.

Mwenzangu mmoja wa kazini ndiye aliyenialika kwenye klabu ya kulenga shabaha. Nilikwenda Jumamosi moja asubuhi, nikajaza fomu, nikapiga risasi chache chini ya usimamizi. Nilikwenda kwa udadisi, nikabaki kwa sababu ya utulivu. Watu hunicheka nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Ghalani nasikia mlio wa foklifti zinazorudi nyuma kutwa nzima, na nyumbani kuna televisheni, simu za mke wangu na redio ya mama mkwe. Pale uwanjani unavaa viziba masikio, unaambiwa piga tano, na kwa dakika hizo hakuna binadamu anayetaka lolote kwako. Nilipapenda, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo.

Tunaishi Campbelltown, mimi, mke wangu na mama yake. Wao ni Warundi. Mke wangu alikulia kambini Kigoma, ndiyo maana Kiswahili chake hakina tofauti kubwa na changu, na sasa anatunza wazee kwenye nyumba moja ya kulelea wazee. Mama mkwe alitufuata huku miaka miwili baada yetu. Ndiye aliyekuwa anaendesha nyumba, nasema kweli, maana mke wangu na mimi tunapishana zamu kiasi kwamba kuna wiki tunaonana kwenye jokofu tu, mmoja akiacha chakula, mwingine akichukua. Bila yule mama tungekuwa tunakula mikate ya dukani.

Kwa desturi ya nyumba yao, mkwe na mama mkwe hawabishani ana kwa ana. Salamu zipo, heshima ipo, karibu chai ipo, lakini jambo lenye uzito hupita kwa binti. Basi tungeweza kuwa sebule moja, watu watatu, yeye akaniangalia mimi na kumwambia mke wangu, "Mwambie bwana wako, majani ya huko nyuma yamekuwa marefu." Nami ningemwambia mke wangu, "Mwambie mama nitayakata Jumapili." Mke wangu hakuwa hata anageuza kichwa kutoka kwenye televisheni. Mwanzoni nilimtania kwamba yeye ni posta, kisha nikazoea.

Kwa sheria za hapa, mwanachama mpya hutumia bastola za klabu kwa miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuomba kibali cha kununua yake. Miezi ile ilipokaribia kwisha nilitangaza mezani kwamba naanza kutafuta. Mama mkwe aliweka kijiko chini.

"Mwambie bwana wako," alisema, "siku hii kitu inaingia humu, mimi natoka. Naenda Adelaide kwa kaka yako."

Mke wangu safari hiyo aligeuza kichwa. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake. Baadaye jikoni aliniambia mama akiondoka yeye ataacha kazi, au ataacha zamu za wikiendi, au ataniacha mimi, hajui kipi kitaanza. Alisema kwa utani, lakini alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

Ningekuwa mtu mwepesi wa kusikia ningeishia hapo. Mimi si mwepesi wa kusikia. Nilijiambia huyu mama anaogopa ajali, na ajali ni suala la ufundi, na ufundi unaelezeka. Nikarudi klabu.

Pale klabu kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa mitambo aliyestaafu, ambaye ndiye aliyefundisha wapya wote. Alikuwa na masikio makubwa na subira ya ajabu. Alikuwa ameona kwamba risasi zangu zinaangukia chini kushoto ya shabaha, na alijua sababu kabla sijaijua mimi. Alisema ninaungoja mlio. Kidole kinavuta, akili inajua sasa hivi itapiga kelele, na mkono unajikunja mapema kujihami. Dawa yake, kwa mtu wa aina yangu, ni triga inayofyatuka kabla akili haijapata nafasi ya kuleta maneno.

Alinipangia bastola tano mezani, zote tupu, magazini pembeni, akanionyesha chemba ya kila moja ili nione kwa macho yangu kwamba haina kitu. Kisha akanifunga macho kwa kitambaa cha kufutia mafuta.

"Usiniambie jina," alisema. "Niambie kidole kinasema nini."

Nilivuta ya kwanza. Ilikuwa ndefu na nzito, unavuta, unavuta, unafika mahali unadhani imekwama, ndipo nyundo inaanguka. Mzee alieleza kwamba hiyo ni nzito kwa risasi ya kwanza tu, zinazofuata huwa nyepesi, kwa sababu bastola inajikoki yenyewe. Nikamwambia sitaki kitu chenye tabia mbili. Ya pili ilikuwa na uzito wa kati, uleule kila mara, lakini ilivutika kama mpira, hujui inaanzia wapi wala inaishia wapi. Ya tatu ilijikokota. Kulikuwa na chembechembe njiani, kama kusaga mchele wenye mchanga. Ya nne sikuipenda tu, na mzee hakuniuliza kwa nini.

Ya tano niliigusa ikasogea kidogo sana, ikakuta ukuta. Nikasimama hapo ukutani. Nikaongeza uzito kidogo, nikijua kabisa nilipo, ikafyatuka kavu kama kuvunja tambi mbichi. Kisha nikaachia taratibu, nikasikia kile kijiti cha chuma kinarudi mahali pake kwa hatua fupi, tayari kwa mara nyingine. Nikavuta tena, na tena. Mzee akacheka, akanifungua macho.

Ilikuwa bastola mbaya kuliko zote tano. Nusu otomatiki, ya risasi ndogo, imetumika miaka mingi, rangi imekwanguka puani, mpini wa mbao umepigwa msasa na mtu asiyejua kazi. Siku zote nilikuwa nikiipita kwenye rafu nikitazama zile nyeusi zinazong'aa. Mzee aliipima triga kwa kijimizani chake cha ndoano: kilo moja na robo. Ile ndefu ya kwanza ilikuwa inakaribia kilo nne kwa risasi ya mwanzo, na ile ya pili ilizidi kidogo kilo mbili.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu yote haya, kuanzia kitambaa mpaka ukuta. Alikuwa anakunja nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mchagua nazi hupata koroma. Umechagua wiki ngapi, halafu unaniletea second-hand?"

Lakini nilikuwa na mpango. Ningejitolea. Ningemwambia mama mkwe kwamba kwa ajili yake niko tayari kuachana na ile niliyoipenda, nichukue ile ya kilo mbili, ambayo haiwezi kufyatuka kwa bahati mbaya. Na ili aelewe kilo mbili ni nini kwa kidole, nilichukua pakiti ya unga wa ugali, zile za kilo mbili tunazonunua duka la Waafrika, nikaifunga kamba nene, nikaiweka juu ya meza Jumapili baada ya kanisa.

"Mwambie mama," nilimwambia mke wangu, "triga niliyotaka ni nyepesi kuliko huu mzigo. Sasa nitachukua inayotaka uzito huu wote. Kidole kimoja. Mtu hawezi kuvuta hivi bila kukusudia."

Mke wangu hakupeleka ujumbe, maana mama alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Mama aliinuka. Alikuwa bado amevaa kitenge cha kanisani. Akapitisha kidole chake cha shahada kwenye kamba, kidole kilichopinda kwa baridi yabisi, akainua pakiti ile juu ya meza, akaishikilia hapo. Ile pakiti haikutikisika hata kidogo. Wala hakuwa akiitazama, alikuwa anamtazama binti yake.

"Mwambie bwana wako," alisema, "hata mtoto anaweza."

Akaushusha unga, akafungua kamba, akaenda kupika nao.

Sitaficha kwamba nilikasirika. Nilikuwa nimekuja na sadaka, nikarudishwa mikono mitupu mbele ya mke wangu. Nikajipa hoja ya mtu aliyekasirika: kama hakuna triga itakayomridhisha yeye, basi nichukue inayoniridhisha mimi. Jumatatu nikajaza maombi ya kibali cha ile ya kilo moja na robo.

Kibali kilikuja, klabu ikaniuzia ile bastola kupitia muuza silaha wake. Nilinunua sefu la chuma, nikalifunga kwa boliti nne kwenye sakafu ndani ya kabati la nguo la chumba chetu, risasi nikazipangia kisanduku chake chenye kufuli mbali nalo, kama sheria inavyotaka. Siku ninaleta bastola, mama mkwe alikuwa jikoni anachambua maharage. Nilipita na begi lenye kufuli nikasema shikamoo. Akaitika marahaba. Nikangoja.

Hakuondoka. Siku ile hakupanga nguo, wala wiki ile, wala mwezi ule. Mwanawe alipiga simu kutoka Adelaide kusema tiketi ipo, yeye akajibu miguu inamuuma. Mimi nilihesabu kwamba nimeshinda. Nilimwambia mke wangu wazee wako hivyo, hutisha kisha huzoea, na mke wangu akasema usiwe na haraka, kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mimi nikasema mshindo nimeusikia kwenye unga.

Kulikuwa na mambo madogo. Mama aliacha kwenda maombi ya Alhamisi ya akina mama, yeye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Aliacha kwenda dukani peke yake, akawa anatuagiza sisi. Mke wangu akipata siku ya mapumziko katikati ya wiki, mama humtuma nje, nenda kasuke, nenda kamwone rafiki yako, mimi nitakaa nyumbani. Tuliona ni upendo na uzee, tukamnunulia dawa ya kuchua magoti.

Bastola nayo ilinifaa kweli. Risasi zikaacha kwenda chini kushoto. Kwenye mashindano ya ndani ya klabu nilipanda kutoka mkiani hadi katikati, na mzee akanipiga bega. Nilikuwa mtu mwenye furaha yake Jumamosi kwa Jumamosi.

Polisi walikuja siku ya Jumanne. Walikuwa wawili, kwa ukaguzi wa kawaida wa jinsi silaha inavyotunzwa, jambo ambalo mwenye leseni anajua litakuja siku moja. Walikuwa wamenipigia simu na kuacha ujumbe, ila simu yangu hukaa kwenye kabati la wafanyakazi mpaka mapumziko. Mlango ulifunguliwa na mama mkwe. Walimsalimu, wakanitaja jina, wakasema wamekuja kuona sefu na bastola.

"No gun," aliwaambia. "No gun here."

Walimwonyesha karatasi yenye jina langu. Akaitazama akatikisa kichwa.

"No man here. Only me."

Niliposikiliza ujumbe wa pili wa wale polisi saa sita mchana, niliurudia kuhakikisha. Mtu ameandikisha bastola kwenye anwani ambayo mwenye nyumba anasema hapaishi mtu wa jina hilo wala hapana silaha. Niliwapigia, nikaeleza, nikamwomba msimamizi ruhusa, nikapanda treni. Njia nzima nilikuwa namtukana mama yule moyoni. Niliona amepata njia ya kunikomoa, anyime leseni yangu pumzi bila kuinua hata kidole.

Walirudi saa tisa, nami niko mlangoni nawangoja. Walikuwa na adabu. Walilinganisha namba ya bastola na karatasi zao, wakatikisa sefu, wakaangalia kisanduku cha risasi, wakaandika kila kitu kiko sawa. Mdogo wao aliuliza, kwa nini bibi alisema vile? Mama alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma. Nikasema Kiingereza chake ni kidogo, hakuelewa swali. Wakaridhika, wakaaga.

Nilifunga mlango. Mke wangu alikuwa kazini, hapakuwa na wa kupitishia ujumbe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimseme, desturi au hakuna desturi, ila yeye akawahi. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia jambo lenye uzito mimi mwenyewe.

"Nilielewa swali," alisema.

Akaketi. Nami nikaketi.

"Kwetu kilimani, nilikuwa na miaka kumi na saba. Walikuja watu wane, tena wapole hivi hivi, wanasema bonjour. Wanauliza kaka yangu mukubwa iko na silaha? Ilikuwa gobore ya baba, ya nguruwe pori, hata baruti haina. Mama alinifundisha mutoto hadanganyi. Nikasema ndiyo, iko juu ya dari. Wakachukua gobore, wakachukua na kaka. Wakasema anaenda kuandikwa, atarudi jioni."

Redio ilikuwa inaongea jikoni, akainuka akaizima, akarudi kuketi palepale.

"Mama yangu hakuniuliza ni nani alisema. Mupaka anakufa hakuniuliza."

Nilimweleza, kwa sauti niliyojaribu kuiweka chini, kwamba hapa si kule. Nilimweleza leseni ni nini, kwamba polisi wale walitaka kuona kufuli na boliti tu, kwamba mtu mwenye karatasi hachukuliwi. Alinisikiliza kwa heshima yote, kama anavyosikiliza mahubiri marefu. Niliona aibu. Nilikuwa nimetumia miezi kupima kidole changu kinataka nini, na huyu mama nilimpimia unga.

Kisha nikamuuliza lile ambalo lilikuwa halinipi usingizi tangu nilipojisifu kwamba nimeshinda, ingawa nilikuwa sijakiri.

"Mama, ulisema ikiingia utaondoka. Mbona hukuondoka?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa mbona mvua inalowesha.

"Nikienda Adelaide, wakija, mulango anafungua nani? Ni binti yangu. Na yeye nilimufundisha kusema ukweli."

Jumamosi iliyofuata nilitoa bastola kwenye sefu, nikaipeleka kwa muuza silaha aliyeniuzia, nikamwomba aitafutie mtu. Alivuta triga mara mbili akitazama dari, akaniuliza ina kasoro gani. Nikamwambia haina.